Bloku kwa Ultrasaundi: Maswali ya Wanaoanza Kushika Probu

Bloku ni kuweka dawa ya ganzi karibu na neva ili sehemu moja tu ya mwili ilale, na probu ni kile kipande cha ultrasaundi kinachowekwa kwenye ngozi ili neva ionekane. Maswali haya huletwa na maafisa wa ganzi, maintani (madaktari wapya walio mafunzoni) na madaktari wanafunzi wanaopita thieta kwetu, mashariki mwa Uganda, si mbali na mpaka. Mengi huja usiku kwa ujumbe wa sauti, mtu akinong'ona kana kwamba kuuliza ni aibu. Nimeyaweka pamoja na majibu yangu ili nisiyarudie kila wiki. Pale ambapo mwalimu wako anasema tofauti na yuko nawe kando ya kitanda, msikilize yeye.

Tuna ketamini ya kumlaza mgonjwa na spaino, ile ganzi ya mgongoni. Kwa nini nijisumbue na bloku?

Spaino haifiki mkononi. Siku ya soko utaletewa kijana wa boda mwenye mkono uliovunjika, na ukimuuliza alikula lini atakwambia amemaliza rolex mbili, chapati zile za mayai, sasa hivi, kabla ya kuanguka. Tumbo limejaa. Ukimpa nusukaputi, unaanza kuwaza matapishi yakishuka mapafuni. Ketamini itamtuliza, ila haikuhakikishii kwamba njia ya hewa iko salama, na akizinduka maumivu yatamsubiri palepale. Bloku ya kwapani ikikaa vizuri, anafanyiwa kazi yake akiwa macho, anakusimulia jinsi lori lilivyomchomekea, na maumivu hayarudi mpaka saa kadhaa baadaye.

Kuna jambo jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwauliza watoa huduma 97 wa ganzi na usingizi nchini Uganda kuhusu vifaa walivyo navyo. Ni asilimia 23 tu waliokuwa na vifaa vya kumlaza mtu mzima kwa usalama. Kwa mtoto ilikuwa 13, na kwa upasuaji wa kujifungua 6. Takwimu hizo ni za zamani, lakini kila aliyefanya kazi mikoani anaielewa picha yake. Mahali ambapo mashine ya usingizi inakohoa, kuacha kumlaza mtu pasipo lazima ni huduma.

Ila usijidanganye kwamba bloku inahitaji vifaa vichache sana. Njia ya dripu iwe imeshafunguka, oksijeni iwe inatoka kweli, kifaa cha kunyonya makohozi kiwe kinafanya kazi, oksimita, kipimo cha oksijeni ya damu, iwe kidoleni. Bloku isipokaa, au dawa ikiingia kwenye damu, utavihitaji vyote kwa dakika moja.

Lazima niwe daktari bingwa?

Hapana. Hapa kwetu sehemu kubwa ya kazi ya ganzi inafanywa na maafisa, na mkono hauulizi cheti. Unachohitaji ni ruhusa ya hospitali yako, mtu wa kukusimamia, na moyo wa kusema "leo sifanyi" picha inapokataa.

Nianze na nini kabla hata ya kugusa sindano?

Anza na mkono wako mwenyewe. Kaa kwenye kiti, weka jeli katikati ya kigasha, upande wa ndani, halafu weka probu ikikatiza mkono. Punguza kina mpaka sentimita 3 au 4. Utaona tabaka mbili za misuli ya kukunja vidole, na katikati yake kiduara kinachong'aa chenye vitundu vyeusi ndani, kama sega la nyuki. Hiyo ndiyo neva ya kati, ile inayohudumia kidole gumba na jirani zake.

Sasa inamisha probu kidogo sana, kama unayetikisa kichwa kukubali. Neva imepotea. Irudishe wima, neva imerudi. Hujasogea hata milimita moja, ila pembe ya mawimbi imebadilika na neva ikaacha kurudisha mwangwi. Wengi hudhani hawajui anatomia, kumbe hawajui kuinamisha. Fanya hivyo mara ishirini. Kisha ifuate neva hiyo kuelekea kwenye kiwiko bila kuiacha iondoke katikati ya skrini, mpaka uikute imelala upande wa ndani wa ateri inayodunda. Rudi nayo hadi kifundo cha mkono, ambako kano zitakuchanganya kwa sababu zinafanana nayo. Ukipanda juu, kano zinageuka kuwa msuli. Neva inabaki neva.

Nimewapa watu wengi zoezi hili. Wanaolidharau ndio hao wanaonipigia baadaye.

Nitumie probu ipi?

Kwa neva zilizo karibu na ngozi, probu bapa ya masafa ya juu, megahezi 10 hivi au zaidi. Masafa ya juu yanatoa picha safi lakini hayaendi mbali. Probu ya mviringo, ile ya wodi ya wajawazito, ina masafa ya chini, megahezi 2 hadi 5. Inaona mbali, ila vitu vya juujuu inavichora kama vimefunikwa na ukungu. Wengi wenu mna hiyo ya mviringo tu, na swali ni kama inafaa. Kwa neva kubwa ya nyuma ya paja kwa mtu mnene, inafaa. Kwa kwapa la kijana mwembamba, subiri mpate nyingine.

Siku hizi kuna probu zinazochomekwa kwenye simu au kuunganishwa nayo bila waya. Nimezitumia na sina ugomvi nazo, mradi betri ya simu imejaa na hakuna anayekupigia katikati ya kazi. Weka simu kwenye hali ya ndegeni. Najua ninachosema.

Kwa nini sindano inapotea kwenye skrini?

Swali hili ndilo mzee wa maswali yote.

Mwali wa mawimbi unaotoka kwenye probu ni mwembamba sana, karibu unene wa kadi ya simu. Probu yenyewe ni pana mkononi, kwa hiyo ubongo unadhani kila kilicho chini yake kinaonekana. Sivyo. Chini ya probu kuna ukurasa mmoja tu wa karatasi uliosimama wima. Sindano ikiwa ndani ya ukurasa huo unaiona yote. Ikitoka kidogo pembeni unaona kipande. Ikitoka zaidi, huoni kitu, nayo iko ndani ya mwili wa mtu.

Anayeanza akiona sindano imepotea, anafanya makosa mawili, na mara nyingi anayafanya kwa wakati mmoja: anaisukuma mbele akitumaini itatokea, na mkono wa probu unateleza bila yeye kujua. Akili yote imehamia kwenye sindano. Mkono wa kushoto umesahauliwa, umelegea, jeli inateleza, na probu imeshasogea nusu sentimita. Sindano haikupotea. Ni wewe uliyeondoa taa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaofundisha sindano kwanza. Mkono unaopaswa kwenda shule ni ule wa probu. Mkono wa sindano umeshachoma dripu na spaino mamia, unajua kazi. Mkono wa probu ndio mgeni. Mpe kiti: laza kidole kidogo na ukingo wa kiganja juu ya mwili wa mgonjwa, shika probu chini karibu na ngozi, si juu kwenye mkia kama anayeshika mwiko.

Sindano ikipotea, simama. Usisukume hata milimita. Ondoa macho kwenye skrini uangalie mikono yako. Mara tisa kati ya kumi utaona kwa macho tu kwamba sindano inaelekea upande mmoja na probu imekaa upande mwingine. Zilinganishe. Kisha rudi kwenye skrini na usogeze probu, kwa mwendo mmoja mmoja: telezesha kidogo, bado, inamisha, bado, zungusha. Ukichanganya miendo mitatu kwa pamoja hutajua ni upi uliosaidia. Ukiona sehemu tu ya mwili wa sindano, usikubali kuamini kwamba ule mwisho unaouona ndio ncha. Huenda ni mahali tu ambapo sindano imeuacha mwali, na ncha iko mbele, gizani.

Sababu nyingine ni pembe. Sindano inayoshuka wima inarudisha mawimbi pembeni badala ya kuyarudisha kwenye probu, hivyo inafifia. Ukitoboa ngozi ubavuni kabisa mwa probu na neva iko kina cha sentimita 3, utalazimika kushuka kwa mwinuko mkali. Rudi nyuma sentimita 2 hivi kutoka kwenye ukingo wa probu, sindano ilale kidogo, na itang'aa. Wakati mwingine itang'aa mno mpaka utaona mistari mingine inayofanana nayo chini yake. Hiyo ni mwangwi, si sindano ya pili. Sindano yako ni mstari wa juu kabisa.

Na skrini ikae wapi? Mbele yako, ng'ambo ya mgonjwa. Jicho, sindano, probu na skrini vikae kwenye mstari mmoja. Nimemwona mtu amegeuza shingo kama bundi kutafuta skrini iliyo nyuma yake, halafu anashangaa mikono inakwenda kombo.

Nilaze sindano sambamba na probu au niikatize?

Ukiilaza sambamba unaiona yote kuanzia ngozi hadi ncha, na kwa anayeanza nashauri hiyo. Ukiikatiza unaona nukta moja tu, na nukta hiyo yaweza kuwa ncha au yaweza kuwa kiuno cha sindano huku ncha ikiwa imeshapita chini. Wanaoikatiza vizuri hufuata ncha: wanasogeza probu mbele mpaka nukta inapotea, wanasukuma kidogo mpaka inatokea tena, wanasonga hivyo hatua kwa hatua. Ni ufundi mzuri, hasa kwa kuweka dripu kwenye vena ngumu. Jifunze baadaye.

Nifanyie mazoezi wapi kama hatuna sanamu za kufundishia?

Nenda bucha.

Sanamu za dukani ni ghali, na kilo moja na nusu ya nyama ya ng'ombe, kipande kimoja kinene kisicho na mfupa, inafanya kazi yake vizuri. Lakini siri iko kwa muuza molokoni, ile supu ya miguu ya ng'ombe. Mwombe ukano mrefu kutoka kwenye mguu wa ng'ombe kabla hajautia sufuriani, unene kama wa kalamu. Wa kwangu alinitazama kwa muda, akauliza, "Dokta, huu hauivi hata ukiuchemsha mpaka kesho. Unataka kufanya nini nao?" Nikamwambia nataka kuutoboa bila kuugusa. Alicheka, akanipa bure, na tangu siku hiyo ananitunzia.

Toboa tundu katikati ya nyama kwa kisu chembamba, kufuata nyuzi za msuli, kisha upenyeze ukano humo. Jaza tundu maji au jeli kabla ya kuupitisha, la sivyo hewa itabaki ndani, na hewa kwenye ultrasaundi ni ukuta: utaona weupe wenye kivuli chafu na huoni chochote chini yake. Funika nyama kwa nailoni nyembamba, vika probu glavu yenye jeli ndani, weka jeli juu, angalia. Utashtuka jinsi ukano ule unavyofanana na neva, mpaka vitundu vya sega la nyuki. Unaweza kuongeza mpira mwembamba wa dripu uliojaa maji na kufungwa pande zote mbili, uwe ateri yako.

Zoezi la kwanza: fikisha ncha milimita chache juu ya ukano, usiuguse, kisha sukuma nusu mililita ya maji na utazame kiziwa cheusi kikifunguka. La pili: fanya hivyo chini ya ukano. La tatu ndilo gumu: mwenzako ashike saa, na kila unaposukuma sindano bila kuona ncha, apige meza. Usihesabu ulivyofika. Hesabu meza ilivyopigwa. Siku yangu ya kwanza ilipigwa mpaka mlinzi akaja kuuliza kama tuna tatizo.

Gelatini ya madukani pia inafaa, ukiikoroga nzito na kuitia unga kidogo wa mahindi ili isionekane tupu kama maji. Shida yake ni moja: kila sindano inaacha njia inayoonekana, na baada ya mara kumi unafuata mashimo ya jana. Nyama inasamehe zaidi.

Sindano iliyoingia kwenye nyama hairudi thieta. Hata siku moja, hata ukiiosha vipi. Weka sindano za mazoezi kwenye kopo lake lenye maandishi makubwa.

Sindano za bloku hatuna. Ya spaino inafaa?

Sindano ya bloku ina ncha butu na ina mkia wa mpira, ili msaidizi ashike sirinji nawe ushike sindano peke yake. Ukiwa nayo, itumie. Usipokuwa nayo, wengi hutumia ya spaino ya geji 22 na kuiunganishia mpira mfupi. Ncha yake ni kali zaidi, kwa hiyo weka nafasi kubwa zaidi kati yake na neva. Ya geji 25 iache: ni nyembamba, inapinda ndani ya msuli na kutoka kwenye mwali hata mikono yako ikiwa imara.

Bloku yangu ya kwanza kwa mgonjwa iwe ipi?

Mwaka 2020 baadhi ya wataalamu walipendekeza kwamba kila anayetoa ganzi ajue vizuri bloku saba za msingi badala ya kuijaribu kila mpya inayotangazwa: ya shingoni kwa ajili ya bega, ya kwapani, ya mbele ya paja, ya mfereji wa ndani wa paja, ya nyuma ya goti, na mbili za kiwiliwili, mgongoni na tumboni. Mimi naukubali mtazamo huo. Watu wanakusanya bloku kama jezi, wakati hata ya kwapani haijawakaa.

Katika hizo, anza na ya mbele ya paja. Weka probu kwenye kinena, tafuta ateri inayodunda. Vena iko upande wake wa ndani, neva iko upande wa nje, imelala juu ya msuli na kufunikwa na utando mweupe. Dawa iingie chini ya utando huo. Ikikaa juu yake utaona dawa inasambaa vizuri kabisa na mgonjwa hatapata chochote.

Na bloku hii ina kazi nzuri hapa kwetu. Mama mzee aliyevunjika paja anatakiwa kuketishwa apigwe spaino, na kumketisha ndiyo mateso yenyewe. Mpe bloku kwanza, ngoja dakika ishirini, kisha mketishe. Peke yake haitoshi kwa upasuaji wa paja, na usimwahidi daktari mpasuaji kwamba inatosha.

Jambo moja la kuelewana naye mapema: mguu uliovunjika chini ya goti ukavimba sana unaweza kubana misuli mpaka ikafa, na maumivu ndiyo kengele. Ongeeni kabla ya kuizima kengele hiyo.

Dawa kiasi gani?

Piga hesabu kwa uzito, kwa kalamu, kabla ya kuvuta. Bupivakeini usivuke miligramu 2 kwa kilo. Mtu wa kilo 50 ana miligramu 100 tu, yaani mililita 20 za asilimia 0.5, au mililita 40 za asilimia 0.25. Lignokeini bila adrenalini, mimi nakaa kwenye miligramu 3 kwa kilo, ingawa wapo wanaofika 4.5, yenye adrenalini ni 7. Ukichanganya dawa mbili, sumu zake zinajumlishwa. Huwezi kumpa kiwango kamili cha hii na kiwango kamili cha ile.

Soma chupa. Bupivakeini nzito ya spaino ina sukari ndani na haikutengenezwa kwa ajili ya bloku. Kwenye kabati letu chupa hizo mbili zinasimama bega kwa bega, na saa nane za usiku zinafanana kama mapacha.

Nitajuaje kama ncha imeingia kwenye neva au kwenye damu?

Vuta sirinji kwanza, kila mara, kisha ingiza kidogo kidogo, mililita 3 hadi 5, usimame, uvute tena. Lakini kuvuta peke yake kunadanganya, kwa sababu sindano nyembamba inaweza kunyonya ukuta wa mshipa na isilete damu. Skrini inasema zaidi. Ukisukuma mililita moja, lazima uione mahali fulani: kiziwa cheusi kinafunguka. Ukisukuma na huoni kitu, simama hapo hapo. Ama ncha haiko unapodhani, ama dawa inaondoka na damu.

Hili nilijifunza vibaya. Katika hospitali moja niliyofanyia mafunzo, nilikuwa kwapani kwa mzee mmoja fundi seremala. Nilibana probu kwa nguvu ili picha iwe safi, na kwa kubana nikazilaza vena zote; kwenye skrini hakukuwa na vena hata moja. Sikuiona ncha vizuri, nikasukuma, nikavuta: hakuna damu. Nikaingiza mililita 2. Sikuona kiziwa. Msimamizi akanishika kifundo cha mkono, akasema, "Legeza probu." Nikalegeza. Vena ikafunguka mbele ya macho yangu kama jicho, na ncha yangu iko katikati yake. Mzee akauliza, "Daktari, imeingia?" Nikamjibu bado. Tangu hapo nabana, nalegeza, naangalia, kisha nachoma.

Kuhusu neva: ukiona inavimba unapoingiza, au sirinji inakuwa ngumu, au mgonjwa anashtuka kwa maumivu makali yanayokimbia mkononi, acha, rudi nyuma. Ndiyo maana sipendi kumlewesha mgonjwa mpaka ashindwe kunena. Kinywa chake ni kifaa.

Dawa ikiingia kwenye damu, dalili ni zipi na nifanye nini?

Mweleze mgonjwa kabla: "Mzee, ukisikia masikio yanavuma, midomo inakufa ganzi au ladha ya chuma kinywani, niambie papo hapo." Kinachofuata kinaweza kuwa kuchanganyikiwa, degedege, na moyo kwenda kombo.

Acha kuingiza, ita watu, oksijeni kamili, linda njia ya hewa, zima degedege kwa midazolamu au diazepamu. Kisha lipidi ya asilimia 20, yale mafuta meupe ya kuingizwa mshipani: mililita 1.5 kwa kilo kwa dakika 2 hadi 3, halafu mililita 0.25 kwa kilo kwa kila dakika, jumla isizidi mililita 12 kwa kilo. Mtu wa kilo 50 anaanza na mililita 75. Moyo ukisimama, adrenalini iwe kidogo kuliko ulivyozoea, chini ya mikrogramu 1 kwa kilo kila mara, na msiache kusukuma kifua mapema.

Propofoli, dawa ya usingizi, ni nyeupe vilevile lakini si mbadala wa lipidi. Muulize mtu wa famasia leo, si siku hiyo, kama lipidi ipo na ufunguo anao nani. Kama haipo, hilo liwe na uzito unapoamua nani apewe bloku na kwa kiasi gani cha dawa. Na kila bloku, hata isiyo na dalili hizi, ukishaimaliza kaa na mgonjwa nusu saa nzima, usikimbilie chai.

Mgonjwa ananiuliza kama mkono umekufa. Nimjibuje?

Hili linatokea sana na tunalichukulia juujuu. Mtu anautazama mkono wake umelala juu ya meza kama wa mtu mwingine. Mama mmoja aliushika kwa mkono mzima, akaunyanyua, akauachia ukaanguka, kisha akaanza kulia kimyakimya. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Mimi husema mapema: "Mama, mkono utalala. Utakuwa mzito, hutaweza kuuinua, na utaamka wenyewe usiku au kesho asubuhi." Naepuka neno "kufa" kabisa. Kama Kiswahili hakimfiki, natafuta nesi wa lugha yake, na namwambia nesi asitumie neno hilo pia. Akirudi wodini, mkono ufungwe kwenye kitambaa kinachoning'inia shingoni, na jamaa zake waambiwe wasiuache karibu na sigiri au kikombe cha chai ya moto. Hautasikia.

Probu naisafishaje?

Ifunike kwa glavu au kifuniko tasa, na juu yake tumia jeli tasa au maji tasa. Baada ya kazi futa jeli kwanza, kisha ipake dawa ya kuua vijidudu. Kabla ya kumwaga spiriti, soma maelekezo ya mtengenezaji, maana baadhi ya probu uso wake hupasuka kwa spiriti, na ikipasuka ndiyo imekwenda.

Umeme ukikatika katikati ya bloku?

Usisukume sindano, vuta nyuma mpaka chini ya ngozi, subiri jenereta. Na chaji betri ya mashine usiku.

Ile mashine ya kuchokoza neva kwa umeme imepitwa na wakati?

Hapana. Neva ilipotafutwa bila picha, misuli iliyoruka ndiyo iliyotuambia tumefika. Mwaka 1978 kuna waliosikiliza ateri kwa Doppler, kifaa cha kusikia damu inavyopita, juu ya mtulinga, na mwaka 1994 kundi la Vienna likaandika kuhusu kuongoza bloku ya hapo kwa picha. Ukiwa na vyote viwili, na picha ni mbaya, tumia vyote viwili.

Nifanye ngapi mpaka nijue?

Sitakupa namba. Weka daftari: tarehe, bloku, mara ngapi ncha ilikupotea, ilikaa au haikukaa, na msimamizi alisema nini. Niliposoma daftari langu la mwaka wa kwanza, bloku zilizoshindwa zilikuwa zile nilizozifanya nikiwa na haraka, mpasuaji ameshanawa na anagonga mlango.

Nyama ya mazoezi, mnaila?

Hapana. Imetobolewa mara mia, imepakwa jeli na imekaa mezani tangu saa nne. Tunaifukia nyuma ya stoo, na ukano tunautupa humo humo. Muuza molokoni ana mwingine Ijumaa.